Kikapu cha Kogo Raeli

Cherotich,

Umeenda Sigowet kusukwa nywele, na ninavyomjua yule msusi wako na maneno yake, hutarudi kabla ng'ombe hawajarudi. Nimeketi mezani jikoni na daftari lako la zamani la jiografia, lile lililobaki na kurasa nyingi kwa sababu jiografia hukuipenda. Sanduku lako liko tayari karibu na mlango. Nimelifungua mara mbili na kulifunga tena. Hakuna kitu kilichosahaulika, ni mikono yangu tu inatafuta kazi nyingine ili nisiandike.

Sitakuandikia habari ya sweta wala ya kuchemsha maji. Nyeri ina baridi kama hapa, na wewe unaenda kufundishwa uuguzi, utakuja kunifundisha wewe habari ya maji. Ninataka kukuandikia kuhusu kikapu cha Kogo Raeli, bibi yetu jirani. Ndiyo, kile chenye mkanda wa kijani.

Usiikunje barua bado. Isome mpaka mwisho, kisha uifanye unavyotaka. Nimeiandika kwenye karatasi makusudi, ili iwe moja tu. Ukiitia motoni imeisha, hakuna mtu mwingine aliye nayo.

Nianze na simu, kwa sababu makosa yangu mengi yana simu ndani yake. Baba yako aliponinunulia ile ya kwanza ya kioo wewe ulikuwa darasa la sita, na yeye ndio alikuwa ameanza kuendesha malori Mombasa. Aliniambia, "Mama Chero, sasa utakuwa unaniona kila siku." Na kweli nilimwona. Alinitumia picha ya sahani ya ugali, picha ya gurudumu lililopasuka, picha yake mwenyewe ambayo nusu yake ilikuwa kidole. Baadaye picha zikapungua. Si kwa ubaya, mtu huchoka, na safari ni ndefu. Lakini mimi nilikuwa nimeshazoea kuitazama ile simu kila nikimaliza kukamua, na siku ambazo hakukuwa na kitu kutoka kwake nilitafuta kitu kwa wengine.

Ndipo wakaniweka katibu wa kituo cha majani ya chai, na katibu ndiye anayeshika grupu la kituo. Wewe ulikuwa ukinicheka. Ulisema, "Mama amekuwa waziri." Lakini hebu fikiria ilikuwaje kwangu. Nyumbani nikiita lazima niite mara tatu ndipo uitike, na mara ya tatu unaitika kwa hasira. Kwenye grupu nikiandika, "Lori limechelewa, msichume mapema," mlima mzima unaweka vikapu chini. Nikiandika "Habari za asubuhi," watu arobaini wananijibu kabla chai haijachemka. Sikuwahi katika maisha yangu kuingia mahali na watu arobaini wakanisalimu. Hata siku ya harusi yangu walimsalimu baba yako kwanza.

Nakwambia haya ili ujue kwamba sikuanza kwa ubaya. Nilianza kwa upweke, kisha nikaonja kusubiriwa, na hiyo ilikuwa tamu kuliko nilivyotaka kukubali. Pia niligundua kwamba mimi ni mcheshi. Nilikuwa sijui! Nikiandika kitu cha kuchekesha, vile vikatuni vya kucheka na machozi vilishuka kama mvua ya mawe juu ya mabati. Nikaanza kutembea nikitafuta vitu vya kuchekesha. Nilimwona jogoo wa mwalimu amepanda pikipiki, nikapiga picha. Nilimwona mzee wa kanisa amesinzia na mdomo wazi, nikapiga picha. Kila nilichokiona nilikiona mara mbili, mara moja kwa macho na mara ya pili kwa jinsi kitakavyopokelewa.

Sasa Jumamosi ile.

Unaijua kuliko mimi, lakini nataka ujue nilichokiona mimi. Nilikuwa nimesimama kando ya meza ya kituo, karani anakagua majani, foleni ni ndefu, mvua inanukia upande wa Sotik. Kogo Raeli akafika na kikapu mgongoni, amekifunga na ile kamba yake ya siku zote. Karani akamwaga majani mezani, akayatandaza kwa mkono, akasimama. Hayakuwa yale majani mawili na chipukizi yanayotakiwa. Yalikuwa majani magumu, mazee, mengine na vijiti vyake, kama mtu ameyavuta kwa ngumi mbili. Karani akamwambia kwa adabu, "Kogo, hii haiwezi kuenda factory. Kaa hapo kando uchambue." Naye hakubisha. Alikaa chini kwenye nyasi, akamwaga yote juu ya gunia, akaanza kuchambua jani moja moja, akilisogeza karibu na jicho.

Nami nikatoa simu.

Nilipiga lile rundo na kikapu. Katika kona ya picha mikono yake inaonekana, siwezi kusema sikuiona. Nikaandika chini yake, "Huyu naye amechuma huku macho ameyaacha nyumbani." Nikaituma kwenye grupu, na kwa kuwa ilikuwa imenichekesha sana nikaiweka na kwenye ukurasa wangu.

Sikutaja jina. Hiyo ndiyo ngao niliyojikinga nayo miaka mitatu, kwamba sikutaja jina. Lakini ni nani mlimani hapa asiyekijua kikapu kile? Mshikio wake ulikuwa umekatika na wewe ndiye uliyeufunga kwa kipande cha sweta yako ya shule ya msingi, kijani, yenye mstari mweupe. Ningeandika jina lake kwa herufi kubwa lisingesomeka vizuri kuliko mkanda ule.

Jioni hiyo uliingia jikoni ukiwa na ndoo ya maziwa. Nakumbuka uliiweka chini taratibu sana. Ukaniuliza, "Mama, ile picha utaitoa?" Mimi nilikuwa nikisoma, nikacheka bila kukuangalia, nikasema, "Aah, ni mchezo tu, Chero. Watu wanacheka, hakuna mtu amekasirika." Ukaniuliza tena, "Lakini utaitoa?" Nikakwambia usiwe mkali kama mwalimu wa zamu. Ukweli ni huu: vicheko vilikuwa bado vinaingia. Nilitaka kuona vitafika wapi. Mtoto wangu alikuwa amesimama mbele yangu akisubiri jibu, nami nilikuwa nikihesabu vicheko vya watu ambao nusu yao siwajui.

Niliitoa Jumatatu. Kufikia wakati huo ilikuwa imeshatembea hadi grupu za Bomet, na mtu mmoja alinirudishia mimi mwenyewe, bila kujua imetoka kwangu.

Jumapili yake kanisani, mama mmoja mwenye roho nzuri alidhani ni haki Kogo ajue, akamwonyesha. Nilikuwa viti viwili nyuma. Kogo aliishika ile simu mbali, kisha akaileta karibu, kisha akaipeleka mbali tena. Akasema, "Hii ni kikapu yangu." Basi. Akaikabidhi simu, akafungua kitabu cha nyimbo. Hakugeuka nyuma.

Tangu wiki ile hakuleta tena majani kituoni. Wewe na mimi tuliona kutoka hapa kwetu jinsi shamba lake lilivyoanza kupanda juu. Majani ya chai yasipochumwa huwa miti, na ya Kogo yakawa miti, yakapita kiuno, yakapita kichwa, mpaka siku hizi nyumba yake huioni kutoka barabarani. Watu walisema, kweli macho yamekwisha, maskini. Mimi pia nilisema hivyo. Nilisema kwa huruma, tena kwa sauti.

Na wewe wiki ile ile ulifuta kila kitu. Zile video zako za kucheza, ukurasa wako, grupu la darasa, vyote. Hukuaga mtu. Nilikukuta nje kwenye kamba ya nguo na simu yako imezimwa, nikakuuliza kulikoni, ukasema, "Nimechoka nayo." Nikadhani ni mambo ya umri. Kisha nikafanya jambo ambalo hata sasa linanifanya nijifunike uso. Niliandika kwenye ukurasa wangu kwamba binti yangu ameacha mitandao ili asome, wazazi wenzangu tuwaombee watoto wetu. Nilipata amina nyingi siku hiyo kuliko siku yoyote. Ulikimbia usionekane, nami nikakukimbiza na kamera.

Nimefikiri sana kwa nini watu hutoka huko na kwa nini wengine tunabaki. Nimeona wengi wakitoka, maana mwenye grupu huona kila kitu. Linatokea tu neno dogo katikati, fulani ametoka, na mazungumzo yanaendelea juu yake. Mjomba wako alitoka wakati wa kura kwa sababu ya matusi, akarudi bei ya mbolea ilipotangazwa. Mama Faith alitoka mume wake alipooa mwingine, kwa sababu kila akifungua alikutana na picha zao. Zamani niliwaza kwamba anayetoka amechoshwa. Siku hizi nadhani wengi hutoka kwa sababu kuna kitu humo hawawezi kukitazama tena, na mara nyingine kitu chenyewe ni wao.

Kubaki nako ni hadithi nyingine. Nilijaribu kutoka mara mbili, hukujua. Mara ya kwanza nilikaa siku nne. Siku ya tano nilikutana na watu wakitoka mazishini kwa Mama Kiprono, rafiki yangu wa tangu usichana, wamevaa vizuri, matope miguuni. Amekufa, amezikwa, na mimi niko nyumbani nikipalilia sukuma. Waliniambia, "Lakini tuliweka kwenye grupu." Nikarudi jioni hiyo nikilia. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie tunabaki kwa ujinga tu. Misiba yetu imehamia humo, chanjo ya ng'ombe imehamia humo, lori la majani limehamia humo. Ukitoka, unatoka kijijini ukiwa bado umelala kitandani kwako.

Mara ya pili nilikaa wiki mbili. Hiyo nilirudi bila sababu ya heshima. Nilirudi kwa sababu hakuna aliyeuliza niko wapi.

Sasa nikuambie la mwezi huu, ambalo ndilo limeniketisha hapa.

Barua yako ya chuo ilipokuja nilikwambia ni lazima uende ukaagane na Kogo Raeli. Huyu ndiye aliyeita majina siku ulipopewa jina la ukoo. Ulikuwa na siku chache tu, umeshikwa na wanawake wa upande wa baba yako, na yeye akiita majina ya wazee waliotangulia moja baada ya jingine, mpaka ulipopiga chafya kwa jina la nyanya wa baba yako, likawa lako. Tangu siku hiyo yeye pekee hukuita kwa jina hilo. Mtu kama huyo huondoki bila kuagana naye. Nawe ulinijibu, "Mimi siendi," ukaingia chumbani. Nikakufokea kupitia mlango. Nilikuita mtoto asiye na shukrani. Naomba ulitoe neno hilo moyoni kama unaweza.

Nikaenda mwenyewe, na pakiti mbili za sukari, kwenda kukuombea radhi. Nilipita ile njia ya chini, inayopita langoni kwake. Alikuwa amekaa mlangoni akipukuchua mahindi. Nikamsalimu, "Chamgei, Kogo." Akaitikia vizuri. Nikaanza maneno yangu marefu, akaninyamazisha kwa mkono.

"Sukari weka hapo ndani," akasema. "Panga uko nayo?"

"Panga ya nini, Kogo?"

"Si unaona hii msitu? Wewe ni katibu ya majani. Anza pale kwa choo."

Basi nikaanza pale kwa choo. Hizi jioni zote nilizokuambia naenda mikutano ya kamati, nilikuwa kwa Kogo nikipogoa chai. Uliniuliza juzi mbona viganja vyangu vimechubuka, nikasema ni jembe. Ni panga, na kwa mashina makubwa ni msumeno wa baba yako. Shina la chai lililokaa miaka mitatu ni gumu, linakata pumzi. Simu nilikuwa naiacha mfukoni mwa koti, koti naliacha juu ya ua, na siku ya kwanza nilienda kuliangalia mara saba.

Siku ya tatu tulipokuwa tunakunywa chai nilishindwa. Nikamwambia, "Kogo, ile picha ni mimi." Akasema, "Najua. Si kila mtu anajua?" Nikamwambia najua nilimwaibisha hadi akaacha kuchuma. Akaniangalia kama mtu anayeangalia mahindi kuona kama yamekauka.

"Wewe unafikiri niliacha sababu ya picha?" akasema. "Mama Chero, mimi nimezeeka, nimechekwa na watu wazuri kuliko wewe. Niliacha sababu ya mtoto."

"Mtoto gani?"

"Yule wangu." Na akakutaja kwa jina lile la chafya.

Kisha akanieleza, polepole, akipukuchua. Kwamba Jumamosi zote ulikuwa unakuja kumchumia upande wa juu, bila kuambiwa na mtu. Kwamba siku ile alikusikia kule shambani unacheza wimbo wa simu, ule ule, tena na tena. Kwamba jua lilipogeuka alikusikia umenyamaza na unavuta majani haraka haraka, na akajua kwa masikio kwamba huchumi vizuri, lakini lori lilikuwa karibu. Ukaweka kikapu mlangoni kwake na kukimbia. Alipokipandisha mgongoni alishajua kilichomo.

Nikamuuliza kwa nini hakusema pale kituoni, karani yuko, mimi niko, watu wote wako. Akasema, "Niseme nini? Kwamba yule alikuja kunisaidia bure ndiye ameharibu? Na mama yake amesimama hapo na simu?"

"Lakini ungeendelea kuleta yako, Kogo. Macho yako ni mazuri."

"Ndiyo sasa. Nikileta majani mazuri Jumatatu, watauliza ile ya Jumamosi ilichumwa na nani. Na wako wanaojua nani hunichumia Jumamosi. Wacha waseme ni macho." Kisha akacheka kidogo. "Na magoti pia ilikuwa inauma. Usinifanye malaika."

Cherotich, niliweka kikombe chini. Maana nilikumbuka. Ile video yako ya Jumamosi ile niliiona. Umevaa kikapu mgongoni unacheza katikati ya majani, na mkanda wa kijani unaruka ruka. Niliiwekea moyo mwekundu. Nilikuwa mama mwenye fahari. Saa tatu baadaye nikapiga picha ya kikapu kile kile na kuweka kicheko. Siku moja, kikapu kimoja, na kidole changu kimoja kiligusa vyote viwili bila kichwa changu kuuliza chochote.

Wewe uliuliza. Ulisimama pale na ndoo. Ulikuwa na miaka kumi na sita, na ulikuja kuniambia, nimeona sasa kwamba ulikuja kuniambia, na ukakuta mama yako ndiye anayecheka mbele kuliko wote. Ungemwambia nani? Umeishi miaka mitatu ndani ya nyumba hii na jambo hilo, ukinipakulia chakula. Na kila ulipotaka kwenda barabarani ulipita njia ya juu, ile ndefu ya shuleni, ukisema ya chini ina matope. Hata kiangazi. Nilidhani kweli ni matope.

Jioni ile nilitoka kwa Kogo nikaanza kuandika kwenye simu kabla sijafika nyumbani. Unanijua. Niliandika ungamo refu kwa grupu, ukweli wote, jina lako, jina lake, machozi yangu. Lilikuwa zuri. Nikiwa katikati yake nikaanza kuziona zile amina, nikajua hata nani ataandika ya kwanza. Nikasimama pale kwenye kivuko. Nilikuwa karibu kukuuza mara ya pili, safari hii kwa bei ya kuitwa mama mnyofu. Nikafuta herufi moja moja.

Alhamisi nikaenda kituoni na kusema kwa mdomo. Sikukutaja. Nilisema tu, foleni ikiwa imesimama, kwamba ile picha ya majani ya Kogo Raeli niliyotuma nilikosea, na macho yake hayana shida, na nimeenda kumwomba msamaha nyumbani kwake. Unajua walijibuje? Mmoja akasema, "Picha gani?" Mwingine akasema, "Ile ya jogoo?" Karani ndiye aliyekumbuka kidogo. Wale wote waliocheka hadi wakatoa machozi, hakuna aliyebaki nayo. Tulibaki nayo watatu tu, Kogo na wewe na mimi, kila mmoja peke yake, nyumba mbili zinazotazamana.

Nilitaka nikuandikie kwamba nimetoka huko na sitarudi. Ingependeza. Lakini sitaki kukudanganya mahali pa kukuomba msamaha. Uadmini nimempa karani. Ukurasa wangu nimeufunga, na picha zako zote nimezitoa, ilinichukua Ijumaa nzima, zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani. Grupu la kituo nimebaki, nisome nani amefariki na lori liko wapi. Huenda nikashindwa tena. Ukisikia nimeanza utani wa majogoo, nipigie.

Na wewe sikuambii urudi huko wala usirudi. Kule chuoni watakuwa na grupu lao, bila shaka, na ratiba zitawekwa humo, na utalazimika kuamua. Ninachotaka ni usiamue kwa sababu ya Jumamosi ile. Ulikuwa mtoto, ulicheza, saa zikakupita, ukaharakisha. Hilo ndilo kosa lako lote, ni dogo, lingekwisha Jumatatu kwa kuchuma vizuri. Lililobaki lote ni langu. Nilikuachia ulibebe kwa sababu sikujua kwamba lipo, na sikujua kwa sababu nilikuwa naangalia kwingine. Nisamehe, mwanangu. Sijui nilisemeje vizuri zaidi ya hapo.

Nasikia kengele ya ng'ombe kule kwenye kivuko, basi nimalize.

Barua hii nitaiweka juu ya mto wako. Kesho asubuhi usinieleze chochote, kunywa chai yako tu. Gari litakuwa barabarani saa moja. Sanduku nitalibeba mimi, nitapita njia ya juu. Wewe pita ya chini. Hakuna matope.

Utakuta shamba la Kogo limenyolewa lote, nyumba inaonekana. Vichipukizi vimeanza kutoka kwenye mashina, ni vidogo, inama uvione. Shina moja tu pale langoni limesimama bado na urefu wake wote, kwa sababu nilipolifikia na msumeno aliniambia, "Hiyo wacha. Hiyo ni ya mwenyewe." Panga ameiegemeza hapo hapo kwenye nguzo, na kikapu amekitundika juu yake. Mkanda wako haujafunguka.

Mkimaliza, usiniambie mlisema nini. Nitataka sana kujua, nitakuuliza kwa macho, usiniambie. Utanikuta barabarani nimesimama na sanduku lako, nimelishika kwa mikono yote miwili.

Mama yako